Siku Zulaika Alipoita Msiba

Zulaika alikuwa na sikio. Hata mama yake Medina, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alikubali hivyo. Tangu akiwa na miaka saba, pale mtaani kwao Arua, akisikia ngoma za doluka, mchezo wa Wanubi, kwenye harusi mara moja tu, kesho yake alizipiga juu ya sinia bila kukosea hata pigo moja, mpaka mama yake akamnyang'anya sinia. Na harusi za Wanubi wenzake hazikuwa chache. Kwake yeye, ngoma ilikuwa na harufu ya udi na rangi ya hina. Msiba ulikuwa na mambo yake: Yasini, kahawa, wanawake wamekaa juu ya mikeka wakizungumza kwa sauti ya chini. Ngoma na maiti havikuwahi kukutana katika ua mmoja.

Mwaka wake wa mwisho chuoni, wanafunzi wa ualimu walipakiwa kwenye lori wakapelekwa Koboko kutazama mashindano ya shule. Watoto arobaini kutoka Midia waliingia uwanjani miguu mitupu. Hawakuwa na sare, na mwalimu wao hakuonekana. Wakaruka wote pamoja na kutua wote pamoja, na Zulaika, aliyekuwa amekaa kwenye nyasi, aliusikia mtuo huo ukipanda kutoka ardhini hadi mbavuni mwake. Alisahau kupiga makofi. Njiani wakirudi, wenzake walipokuwa wakiimba nyuma ya lori, yeye alikuwa akigonga mtuo ule kwenye ubao wa lori. Alikuwa ameshaamua atakuwa mwalimu wa namna gani.

Mwaka 1974 akapangiwa shule ya msingi huko Aroi, mwendo wa baiskeli kutoka mjini. Mwalimu mkuu, Bwana Ondoga, alikuwa mtu mpole aliyeogopa barua za ofisini kuliko alivyoogopa nyoka. Zulaika alimwomba kipindi cha kufundisha ngoma. Ondoga alifikiri siku tatu, kisha akampa Alhamisi alasiri, saa ambayo watoto walikuwa wakilima shamba la shule.

“Muhula mmoja, mwalimu,” alimwambia. “Lakini mzazi mmoja tu akija hapa kulalamika, Alhamisi inarudi shambani.”

Zulaika alifundisha kama alivyofundishwa. Alichora mistari ya chokaa uwanjani, akasimama mbele, akahesabu moja mpaka nane. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto, geuka. Watoto thelathini na wanane wakamfuata kwa utii mkubwa, na walionekana kama askari wa gwaride waliolala njaa. Msichana mmoja wa darasa la tano, Ayikoru, alichelewa kila mara kwa mguu wa kushoto. Zulaika alimshika mabega akamhesabia peke yake, na Ayikoru akazidi kuchelewa. Wiki sita zikapita. Usiku alijilaza akiwaza wale watoto wa Midia, akijiuliza mwalimu wao aliwaambia nini ambacho yeye hakijui.

Basi Jumatano moja, akiwa ametoka shule na kupitia kisimani, akasikia ngoma kutoka ng'ambo ya bonde. Zilikuwa tatu. Moja nzito ilitembea polepole kama mtu anayepanda mlima. Ya pili iliijibu. Ya tatu, ndogo, ilikimbia katikati yao bila kuchoka. Alisimama na ndoo yake kichwani mpaka shingo ikamuuma. Alipofika nyumbani alimuuliza Mama Ocokoru, mjane aliyempangisha chumba, zile ni ngoma za nini. Kiswahili cha Mama Ocokoru kilikuwa kidogo. Alisema tu kwamba ni ngoma ya wakubwa, akaendelea kumenya karanga. Zulaika akachukua kibuyu akakaa mlangoni, akaanza kupiga kwa vidole alichokisikia. Mama Ocokoru aliinua kichwa mara moja, akamtazama, akaingia ndani na karanga zake.

Siku ya pili yake alimweleza Ondoga kwamba kosa lake lilikuwa chokaa. Watoto hawawezi kucheza kwa namba, wanataka ngoma za kwao. Ondoga alifurahi, maana ombi hilo halikuhitaji barua. Akaenda mwenyewe kwa Mzee Candia, aliyekuwa mtunza ngoma wa eneo lile. Candia alikuwa askari zamani, akapigana Burma, akarudi na Kiswahili cha kambini na goti bovu. Aliambiwa watoto wanataka kujifunza mchezo wa vijana, akakubali. Alileta ngoma tatu kwa mkokoteni, akamwonyesha Zulaika kila moja kama mtu anayetambulisha jamaa zake: hii kubwa ni nyanya, hii ya kati ni mke, hii ndogo ni mtoto. Zisiachwe juani, zisikaliwe. Akaenda zake akichechemea.

Alhamisi ya wiki iliyofuata ikafika. Zulaika aliwapa vijiti wavulana watatu wakubwa wa darasa la saba, akawaimbia mapigo kwa mdomo. Wavulana wakatazamana. Wa kwanza alisema hajui. Wa pili alisema mkono unamuuma. Wa tatu alirudisha vijiti kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani ambayo hakuila. Zulaika alidhani wanaona haya. Aliwaambia kwa upole kwamba cha kwao hakina aibu, na kwamba yeye, Mnubi wa mjini, angejivunia kukijua. Wakainamisha macho.

“Basi nitawaonyesha,” akasema.

Aliwapanga wavulana wawili kwenye mke na mtoto, akawaambia wamfuate yeye tu. Akashika vijiti vya nyanya. Alipiga pigo la kwanza, la pili, na la tatu, na mwili wake wote ukatambua kwamba ndilo lenyewe. Wavulana, mikono ikitii kabla ya akili, wakaingia. Sauti ikajaa uwanja, ikavuka paa la shule, ikaenda zake bondeni. Zulaika alifumba macho. Akasikia kwa mbali sauti nyembamba ya mwanamke kutoka kilimani, kisha nyingine, kisha nyingi. Alidhani ni vigelegele. Moyo wake ulijaa, akaongeza nguvu.

Alipofumbua macho, hakuna mtoto aliyekuwa akicheza. Ayikoru alikuwa amekaa chini, mikono kichwani.

Ndipo akawaona watu. Walitelemka kutoka kila upande, kwenye vijia, kati ya mihogo na mtama, wanaume wenye mikuki na pinde, wengine na majembe yenye udongo mbichi. Wanawake walikuja wakilia, wamejipaka vumbi usoni, baadhi wamejifunga majani kiunoni. Hawakuwa kumi wala ishirini. Kilima kizima kilikuwa kinashuka. Zulaika hakuwahi kuona watu wengi hivyo wakiitika kitu kimoja, na kitu hicho kilikuwa mkononi mwake. Vijiti vikamwanguka.

Kina mama waliingia uwanjani wakikimbia, na hawakwenda kwenye ngoma. Walikwenda kwa watoto. Kila mmoja alimtafuta wake, akamshika uso, akamgeuza, akamtazama meno na macho, akamkumbatia, kisha akaanza kulia upya kwa kuwa yuko hai. Hapo Zulaika alielewa, kabla ya mtu kumwambia lolote. Walisikia ngoma ya kifo ikipigwa shuleni. Kila mama alikuwa amekimbia njia nzima akiamini aliyekufa ni mwanawe.

Ondoga alitoka ofisini bila viatu. Aliwahesabu watoto mara mbili kwa kidole, thelathini na wanane mara zote mbili. Alimsogelea Zulaika akamnong'oneza kwamba mkusanyiko kama huu bila kibali cha serikali unaweza kumfikisha mtu mikononi mwa askari. Alhamisi yake imekwisha, na pengine kazi pia.

Watu wakaanza kuuliza maiti iko wapi. Mwanamume mmoja mwenye mkuki, jasho likimtiririka, alisema ameacha ng'ombe ndani ya mtama wa mtu, na kama hapa hakuna maiti basi ipatikane moja haraka. Wengine walicheka kidogo. Mwanamke mmoja akasema huyu Mnubi anatafuta bwana, amepiga ngoma ili wanaume wote waje achague. Wakacheka zaidi, lakini kicheko hakikwenda mbali. Mikuki ilibaki mikononi.

Mzee Candia alifika wa mwisho kwa sababu ya goti lake. Watu wakampisha. Aliziangalia ngoma zake kwanza, moja moja, ndipo akauliza nani amepiga. Wavulana wa darasa la saba walitazama chini, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha kidole. Zulaika akapiga magoti mbele ya mzee, kama alivyoona wanawake wa Aroi wakifanya.

“Ni mimi, mzee.”

“Wewe? Nani nafundisha wewe?”

“Hakuna. Nilisikia ng'ambo, Jumatano ile.”

“Nasikia mara ngapi?”

“Mara moja.”

Candia alimtazama kwa makini. Kisha akamwuliza kwao wanapiga ngoma siku gani. Akajibu: siku ya harusi. Na siku ya kufa? Akajibu kwamba siku hiyo hawapigi kitu, wanasoma tu. Mzee akashusha pumzi ndefu, akawageukia watu na kuwatafsiria, na Zulaika akaona nyuso zikibadilika, si kwa kusamehe, bali kwa mshangao, kama walioambiwa kwamba kuna nchi ambako mvua inanyesha kutoka chini kwenda juu.

“Kama wewe napiga mbaya,” Candia alisema, “watu nacheka, narudi kwa shamba. Lakini wewe napiga sawasawa. Hii ndiyo shida.”

Zulaika aliuliza kwa nini wanafunzi hawakumwambia. Ondoga ndiye aliyemjibu, bila kumtazama. Mtoto hawezi kutaja kifo mahali ambapo hakuna aliyekufa. Akikitaja, ni kama amekikaribisha.

Wazee wakakaa pembeni wakajadiliana kwa Kilugbara, lugha ya kwao. Ondoga alimtafsiria vipande vipande, sasa kwa sauti laini zaidi, kana kwamba hofu yake nayo ilikuwa imechoka. Watu wametoka na machozi, alisema. Machozi yaliyoitwa hayarudishwi nyumbani yakiwa mabichi, yatamtafuta mwenye kuliliwa katika boma la mtu. Ngoma imeita na haikutaja jina. Mmoja wa wazee alitaka mbuzi. Mwingine alitaka mwalimu aondoke Aroi leo hii, na shule isifundishe tena ngoma yoyote. Wengi waliitikia kwa vichwa. Zulaika, bado magotini, alisikia vokali za lugha asiyoijua zikimpokonya kitu alichokitaka kuliko vyote, na hakuwa na neno la kujitetea. Alikuwa amewaona wale mama.

Ndipo Mama Ocokoru akatoka katikati ya wanawake. Zulaika hakuwa amemwona. Alikuwa na jembe begani bado. Hakuongea kwa nguvu, lakini watu walimgeukia, na Ondoga akatafsiri karibu na sikio la Zulaika.

Alisema: mnakumbuka kiangazi kile cha homa ya kukaza shingo. Watu walikatazwa kukusanyika. Mume wangu Yangi alizikwa alfajiri na wanaume sita waliofunga vitambaa puani. Hakuna aliyelia kwa sauti, hakuna ngoma. Tuliambiwa tungoje ugonjwa upite. Ugonjwa ukapita, mvua ikaja, tukasema tulime kwanza. Tulipovuna, ndugu zake wakasema mwaka kesho. Mimi nimengoja. Yangi hajachezewa ngoma yake.

Aliweka jembe chini.

“Kama ngoma imeita bila jina,” alisema, “ichukue jina la Yangi.”

Kisha mwanamume yule wa mkuki, aliyelalamikia ng'ombe wake, akafunika uso kwa kiganja. Alikuwa mdogo wake Yangi. Ndiye aliyesema mwaka kesho.

Candia alisimama. Hakutangaza uamuzi. Alikwenda moja kwa moja kwenye nyanya, akaokota vijiti vilivyokuwa vumbini, akavifuta kwa shati lake, na wazee wengine wawili wakakaa kwenye mke na mtoto. Wakaanza.

Ngoma ilikuwa ile ile. Pigo kwa pigo, ndiyo aliyoipiga Zulaika, na haikufanana nayo hata kidogo.

Ukoo wa Yangi uliingia kwanza. Wanaume walikuja mbio na mikuki juu, wakafika mbele ya ngoma, wakasimama ghafula, na miili yao ikashuka magotini na kupanda, kushuka na kupanda, kama kifua cha mtu mmoja anayepumua. Nyuma yao wanawake, bega kwa bega, nyayo zao zikipiga udongo. Wimbo ulianzishwa na mtu mmoja na kujibiwa na wote. Ondoga alisema wanamsimulia Yangi: alivyokuwa mkali kwa mbuzi, alivyopenda pombe ya mtama ya shemeji yake kuliko ya mkewe, alivyoenda bila kuaga. Walicheka wakilia. Ukoo ule ulipochoka ukasogea, ukaingia wa wajomba zake, kisha wa wakwe, kila mmoja kwa zamu yake, na hakuna aliyeitwa. Hakuna aliyesimama mbele kuwaonyesha. Zulaika alitafuta kwa macho nani anayehesabu. Hakumwona. Alipotazama sana, aliona kwamba kila mtu alikuwa anaichukua hatua kwenye bega la jirani yake na kuipitisha mbele, hivyo hivyo, mpaka mwisho wa mstari, na mstari ulikuwa na watu mia.

Akamwona Ayikoru. Msichana alikuwa katika safu ya wanawake wa ukoo wake, nyuma ya bibi yake, macho yamefunguka lakini hayatazami kitu. Mguu wake wa kushoto ulichelewa kidogo, kama siku zote. Miguu ya wanawake wote wa safu ile ilichelewa vivyo hivyo, na katika kuchelewa huko ndimo ngoma ndogo ilimopata nafasi ya kupita. Zulaika aliweka mkono mdomoni. Wiki sita alikuwa akimsahihisha.

Hakujua alisimama hapo kwa muda gani. Aliwaza kwamba amekuja Aroi na kipindi kimoja cha dakika arobaini ili awape watoto hawa kitu, na kitu chenyewe kilikuwa kikubwa kuliko shule, kikubwa kuliko kilima, na watoto walikuwa ndani yake tangu wakibebwa mgongoni. Hakusikia uchungu. Alijisikia kama mtu aliyekuwa akichota maji kwa kikombe kwenye shimo, akainua kichwa, akaona Mto Nili.

Mkono mgumu ukamshika kiwiko. Mama Ocokoru alimvuta, akamweka mwisho wa safu ya wanawake, baada yake mwenyewe. Zulaika alijaribu kuangalia miguu. Mama Ocokoru akamgonga kidevu kwa kidole, akamwinua uso. Basi akaacha kuangalia. Akaweka bega lake karibu na bega lile la mjane, akangoja, na baada ya makosa mengi kitu kikaja kutoka kulia kwake, kikampitia kiunoni, kikashuka. Alitua pamoja nao. Mara moja tu. Pigo lililofuata alilikosa.

Jua lilipokaribia milima ya Kongo, Candia alisimamisha ngoma. Watu waliketi nyasini, wamechoka, nyuso zao zimelegea. Mama Ocokoru alikuwa amelala chali, akitazama mbingu, anatabasamu kidogo. Ondoga alimsogelea Candia akauliza, kwa heshima, wazee wameamua nini kuhusu mwalimu. Alisema wazi kwamba barua ya kumhamisha anaweza kuiandika kesho.

Candia alikuwa anakanda goti.

“Huyu iko na masikio kama popo,” alisema. “Lakini hana mutu ya kumwambia anasikia nini. Kama sisi nafukuza yeye, iko kwenda kupiga kwa watu wengine.” Wazee wakacheka. “Alhamisi, wewe naleta watoto kwangu. Ngoma iko kwangu, haitoki. Wao nacheza ya vijana. Ya leo hapana fundisha. Ya leo nafundisha yenyewe.” Kisha akamtazama Zulaika. “Na wewe nakaa nyuma.”

“Nyuma wapi, mzee?”

“Nyuma ya mtoto wa mwisho.”

Alhamisi iliyofuata Zulaika alitembea na watoto wake thelathini na wanane mpaka boma la Candia. Ngoma zilikuwa zimetolewa nje, lakini mzee hakuzigusa. Alipanda juu ya kichuguu nyuma ya ghala lake la mtama, akaweka kiganja mdomoni, akatoa mlio mrefu, mwembamba, wenye maneno ndani yake. Watoto walimweleza mwalimu wao, wakigombania kusema, kwamba kila mwanamume ana mlio wake anaoujua kila mtu, na kwamba mzee anawaambia watu wa vilima kuwa hakuna aliyekufa, ni watoto wanataka kucheza.

Wakangoja. Kisha kutoka kilima cha mashariki mlio mmoja ukajibu, na Ayikoru akasema kwa fahari kwamba huyo ni baba yake. Ukaja mwingine kutoka bondeni, na mwingine mbali zaidi, hata haukueleweka kama ni sauti au upepo, na kila mara mtoto mmoja aliinua mkono na kusema huyo ni wangu, huyo ni wangu. Zulaika alikuwa amekaa nyuma ya mtoto wa mwisho, magoti kifuani. Hakuwa amefikiri kwamba nchi inaweza kuombwa ruhusa, na kwamba inaweza kujibu boma kwa boma.

Candia alihesabu majibu kwa vidole. Kilima kimoja kilikuwa bado hakijajibu. Watu wote wakageuka kutazama upande huo, wakasubiri.